Kuotesha na kutambua bakteria wa magonjwa kwa midia teuzi: mwongozo kamili kwa maabara za wilaya Uganda

Mgonjwa wa kuhara akiletwa kutoka kijiji cha wavuvi kando ya Ziwa Albert, kinyesi chake kina mabilioni ya bakteria, na sehemu kubwa yao ni wakazi wa kawaida wa utumbo. Anayemuumiza anaweza kuwa wachache tu katikati ya umati huo. Ukipanda sampuli hiyo kwenye agari ya kawaida, kesho yake utakuta makoloni yamebanana sahani nzima na hutajua uanzie wapi. Midia teuzi ilibuniwa kwa ajili ya tatizo hili. Ina viungo vinavyowazuia wengi wasiote, ili yule unayemtafuta apate nafasi. Nyingi zina pia sukari na rangi ya kiashirio, ili walioota watofautiane kwa macho.

Nimeandika kwa ajili ya wenzangu wa maabara za vituo vya afya vya daraja la nne na hospitali za wilaya na za rufaa za mikoa, hasa wale waliopewa inkubeta na makopo ya unga wa midia bila mtu wa kuwaelekeza. Nitakaa zaidi kwenye kinyesi, yaani kipindupindu, Salmonella na Shigella, kwa sababu huko ndiko maabara zetu zinahitajika haraka zaidi. Na nisisitize mapema: rangi ya koloni inakupa mshukiwa tu. Anayeandika "kipindupindu" kwenye fomu kwa kuona manjano kwenye TCBS, midia ya kumtafuta bakteria wa kipindupindu, anaweza kuitia wilaya nzima katika taharuki bure, na anayeandika "hakuna kitu" kwa sababu hakuona koloni lenye kitovu cheusi, alama ya Salmonella wengi, anaweza kumwacha mgonjwa wa homa ya matumbo arudi nyumbani bila dawa.

Chagua midia kulingana na unachotafuta

Kwa kinyesi, panda sahani mbili zenye ukali tofauti, na uongeze ya tatu pale kipindupindu kinaposhukiwa.

Ya kwanza ni agari ya MacConkey, iliyotokana na kazi ya Alfred MacConkey mwanzoni mwa karne ya 20. Chumvi za nyongo na kristali vayoleti huwazuia bakteria wa Gram chanya, kundi la kina stafilokoki. Ndani yake kuna laktosi na kiashirio cha nyutro redi: anayechachusha laktosi, kama E. coli, hutoa tindikali na koloni lake huwa la waridi. Salmonella na Shigella hawaichachushi, hivyo makoloni yao hubaki bila rangi. Hii ni midia ya upole, na upole wake una faida, kwani bakteria dhaifu waliochoka njiani bado wataota.

Ya pili ni XLD, ambayo Welton Taylor aliieleza mwaka 1965. Ina deoksikolati ya kuzuia, sukari tatu ambazo ni zailosi, laktosi na sukrosi, asidi amino ya laisini, na chumvi za kuonyesha salfidi ya haidrojeni. Salmonella huchachusha zailosi kwanza na kuigeuza midia kuwa ya manjano. Zailosi ikiisha huishambulia laisini, na rangi hurudi nyekundu. Ndiyo maana sahani ya XLD husomwa baada ya saa 18 hadi 24. Ukiichungulia mapema mno utamwona Salmonella akiwa bado amevaa rangi ya E. coli. Mwishowe unapata koloni jekundu lenye kitovu cheusi. Shigella huwa jekundu lisilo na cheusi. E. coli hubaki wa manjano.

SS, yaani agari ya Salmonella na Shigella, ni kali zaidi ya XLD. Inafaa kwa Salmonella, lakini Shigella dysenteriae aina ya 1 anaweza kushindwa kuota humo, na huyo ndiye anayesababisha kuhara damu kubaya kuliko wote. Ukiwa na uwezo wa kununua kopo moja tu kati ya hayo mawili, nunua XLD.

Ya tatu ni TCBS, ya kipindupindu. Nitairudia kwa kirefu.

Sampuli

Chukua kinyesi kabla ya dozi ya kwanza ya antibayotiki. Zungumza na wauguzi wa wodi juu ya jambo hili hata kabla mlipuko haujaanza, kwa sababu usiku wa mlipuko hakuna atakayekumbuka. Chupa iwe safi na isiwe na mabaki ya dawa ya kuua vijidudu. Kukiwa na ute au damu, chukua sehemu hiyo. Kama huwezi kupanda ndani ya saa mbili, chovya swabu kwenye kinyesi kisha uizamishe ndani ya midia ya usafirishaji ya Cary-Blair.

Kwenye Cary-Blair, Vibrio cholerae, yaani bakteria wa kipindupindu, huvumilia joto la kawaida la chumba kwa siku kadhaa. Shigella ni mwepesi kufa, hivyo weka sampuli yake kwenye baridi ikiwa safari ni ndefu. Mwendesha pikipiki wa mtandao wa kusafirisha sampuli akipita mara chache kwa wiki, panga uchukuaji ufuate ratiba yake. Na tafadhali andika kwenye chupa: jina, namba, tarehe, saa. Saa ndiyo inayosahaulika, wakati ndiyo inayokueleza kama sahani tupu ina maana yoyote.

Kupika midia

Unga wa midia hunyonya unyevu. Kopo likishafunguliwa, andika tarehe juu yake, funga vizuri na uliweke pakavu, gizani. Unga ulioshikamana mabonge, au uliobadilika rangi, usiutumie hata kama tarehe ya kuisha bado iko mbali. Vaa barakoa unapopima, maana vumbi la deoksikolati na chumvi za nyongo linawasha pua na koo.

Tumia maji yaliyotoneshwa. Ya kisima yana madini yanayovuruga pH, ya bomba yana klorini. Tuseme unatengeneza mililita 500 za TCBS na kopo linasema gramu 88 kwa lita: pima gramu 44. Makampuni hutofautiana kidogo, kwa hiyo soma kopo lililo mkononi mwako, usitegemee kipimo ulichozoea. Mimina nusu ya maji kwenye flaski iliyo kubwa mara mbili ya ujazo unaotengeneza, tia unga, zungusha mpaka usione bonge, ongeza maji yaliyobaki, halafu uache uloane dakika kumi.

Sasa kuna njia mbili, na kuzichanganya ni kuharibu kopo la thamani. MacConkey huingia otoklevu, chungu cha mvuke wa mgandamizo, kwa nyuzi 121 dakika 15. XLD, SS na TCBS haziingii otoklevu kabisa. Hupashwa moto huku zikikorogwa mpaka zichemke na agari iyeyuke yote, kisha huondolewa motoni papo hapo. XLD iliyochemka mno hutoa mashapo na makoloni yake huwa madogo. Simama hapo hapo penye jiko, kwa sababu agari ikianza kuchemka hupanda ghafla na kumwagika.

Wenzetu wa Kabale, kwenye mwinuko wa takriban mita 2,000, waangalie jambo la ziada. Huko mgandamizo uleule kwenye geji ya otoklevu hauleti joto lilelile linalopatikana chini, kwa hiyo fuata kipimajoto, na uweke utepe wa kiashirio katika kila mzigo.

Acha flaski ipoe hadi nyuzi 45 hadi 50, joto ambalo mkono wenye glavu unaweza kuishika bila kuruka. Ukimimina ikiwa ya moto zaidi, mvuke utajaa kwenye vifuniko na matone yatadondokea makoloni. Mimina mililita 15 hadi 20 kwa kila sahani ya milimita 90, karibu na moto, ukifunua kifuniko upande mmoja tu. Mililita 500 zitakupa sahani 25 au zaidi. Zikiganda, zikaushe juu, zigeuze chini juu, zifunge kwenye mifuko ya plastiki na uziweke kwenye friji ya nyuzi 2 hadi 8. Kila mfuko uandikwe aina ya midia na tarehe. Umeme ukikatika usiku mzima, asubuhi zikague moja moja kabla ya kuzitumia.

Neno juu ya agari ya damu, maana huwa inapikwa siku hiyo hiyo. Damu ya kondoo au mbuzi aliye na afya ndiyo inayofaa. Damu ya binadamu iliyopitwa na wakati kutoka benki ya damu inavutia kwa sababu ni ya bure, lakini ina kingamwili, huenda ina mabaki ya dawa, na inaweza kubeba maambukizi. Iache.

Kupanda

Gawa sahani kwa akili katika sehemu nne. Paka swabu au lupu (waya wenye kitanzi) sehemu ya kwanza. Unguza lupu, ipoe, kisha chora mistari kutoka ya kwanza kwenda ya pili, ukigusa eneo la mwanzo mara mbili au tatu tu. Unguza tena, nenda ya tatu, halafu ya nne bila kurudi nyuma. Lengo lote ni kupata makoloni yaliyosimama peke yake. Mtu anayechora ovyo hata midia iliyo bora haitamsaidia, kwani vipimo vyote vinavyofuata vinadai koloni moja safi. Midia kali ivumilie sampuli nyingi kidogo, na MacConkey uipe kidogo. Weka sahani zikiwa zimepinduliwa kwenye inkubeta ya nyuzi 35 hadi 37, na kipimajoto kiwe ndani, kwani namba ya kioo cha nje haitoshi.

Kipindupindu kwa TCBS, hatua kwa hatua

Uganda inakijua kipindupindu tangu 1971, na jamii za wavuvi pamoja na wilaya za mpakani na Kongo ndizo zinazoumia mara nyingi. Mwaka 2018 kilizuka Hoima, kikawapata wakimbizi waliovuka Ziwa Albert na kupokelewa Kyangwali. Mgonjwa anayeishiwa maji hasubiri sahani: anapewa maji ya chumvichumvi au dripu saa hiyo hiyo. Kazi yako ni kuiambia wilaya ni nini hasa kimeingia, na dawa gani bado inafanya kazi.

Anza na maji ya peptoni yenye alkali, pH 8.4 hadi 8.6. Vibrio hupenda mazingira hayo na huongezeka upesi kuliko majirani zake. Tia kinyesi au swabu ndani ya neli, iweke kwenye inkubeta kwa saa 6 hadi 8. Ukiichukua, usiitikise. Vibrio anahitaji oksijeni na hukusanyika juu, mara nyingine akitengeneza utando mwembamba unaouona ukiinamisha neli kidogo penye mwanga. Gusa juu kabisa kwa lupu, upande TCBS. Baada ya saa 8 bakteria wengine huanza kumfikia, kwa hiyo kama zamu inaisha na hakuna wa kupanda, hamishia tone la juu kwenye neli mpya ya peptoni. Wakati huohuo panda sahani nyingine ya TCBS moja kwa moja kutoka kwenye kinyesi. Mgonjwa anayeharisha maji yanayofanana na ya mchele hutoa Vibrio wengi kiasi kwamba sahani hii mara nyingi inatosha.

TCBS ina pH 8.6, chumvi za nyongo na sukrosi. Baada ya saa 18 hadi 24, shika sahani dirishani. V. cholerae huonekana kama koloni la manjano, laini, lenye upana wa milimita 2 hadi 4, limebapa kidogo, katikati kuna uzito na ukingoni linapitisha mwanga. V. parahaemolyticus hachachushi sukrosi, naye huwa wa kijani-bluu. Vijikoloni vidogo vya manjano mara nyingi ni enterokoki waliopenya. Baadhi ya Proteus na Aeromonas nao huweza kuwa manjano. Soma siku hiyo hiyo, kwa sababu sahani ikikaa sana au ikiwekwa kwenye friji, manjano huanza kurudi kijani na utampoteza mshukiwa wako.

Chagua makoloni mawili matatu na uyahamishie kwenye agari ya kawaida isiyo na sukari ya kuchachushwa. Hatua hii inarukwa mno. Kipimo cha oksidesi kikifanywa kwa koloni lililotoka TCBS moja kwa moja hakiaminiki, na koloni hilo linanata vibaya kwenye antisera, yaani vimiminika vya kingamwili vinavyomgandisha bakteria wa aina moja ili atambulike.

Kesho yake:

1. Oksidesi. Paka koloni kwenye karatasi yenye kitendanishi kwa kijiti cha mbao au lupu ya platinamu. Lupu ya nikromu inaweza kuleta uchanya wa uongo. Zambarau ndani ya sekunde chache ni chanya, na Vibrio ni chanya. Proteus ameondoka hapa.

2. Kipimo cha uzi. Weka tone la deoksikolati ya sodiamu ya 0.5% kwenye slaidi, koroga koloni ndani yake, na ndani ya dakika moja inua lupu polepole. Mchanganyiko hunenepa, kisha uzi wa ute hufuata lupu sentimita moja hadi mbili au zaidi kabla ya kukatika. Aeromonas, aliye na oksidesi chanya pia, kwa kawaida hatoi uzi.

3. Antisera ya O1, na ikiwa hasi, ya O139; haya ndiyo makundi ya V. cholerae yanayoleta milipuko. Jaribu kwanza koloni na maji ya chumvi pekee kwenye slaidi hiyo hiyo. Kama linagandamana hata bila antisera, usome kama halifai, si kama chanya. O1 ikikubali, endelea na antisera za Ogawa na Inaba, vijikundi vya O1.

Hapo ndipo unaweza kuandika Vibrio cholerae O1. Mlipuko ukishathibitishwa, usimalize midia kwa kuotesha kila mgonjwa. Sampuli chache kila wiki, kwa ajili ya kufuatilia usikivu wa dawa, zinatosha.

Salmonella na Shigella

Mlipuko mkubwa wa homa ya matumbo uliipiga Kampala mwaka 2015, na mapema zaidi Kasese iliona wagonjwa waliotoboka utumbo. Pamoja na hayo, kliniki nyingi bado zinategemea Widal, kipimo cha kingamwili kwenye damu, peke yake. Naisema wazi: Widal moja, katika nchi ambayo watu wengi wameshakutana na Salmonella, haithibitishi homa ya matumbo. Kinachohitajika ni kuotesha damu. Mtu mzima atoe mililita 8 hadi 10 kabla ya dawa, ziingie kwenye chupa ya supu ya midia, kisha uhamishie agari ya damu na MacConkey chupa inapoonyesha dalili za uotaji. Kinyesi kinasaidia zaidi kuanzia juma la pili la ugonjwa, na katika kumtafuta anayebeba bila kuugua.

Kwa kinyesi, pamoja na sahani, tumia supu ya selenaiti kwa saa 12 hadi 18, kisha panda XLD. Selenaiti ni sumu, ishike kwa glavu. Humsaidia Salmonella. Kwa Shigella, tegemea sahani ya moja kwa moja na uharaka wa sampuli.

Usisubiri kitovu cheusi kama sharti. Salmonella Typhi huweza kutoa cheusi kidogo sana au asitoe, na Paratyphi A kwa kawaida hana. Upande wa pili, Pseudomonas huweza kuwa mwekundu kama Shigella, lakini oksidesi chanya inamfichua. Baadhi ya Proteus na Citrobacter hutoa cheusi pia.

Chukua kila mshukiwa, mtie kwenye neli za agari ya Kligler, inayoonyesha sukari, gesi na salfidi, na za urea. Proteus hugeuza urea kuwa ya waridi upesi, naye anatoka. Salmonella Typhi kwenye Kligler huacha mteremko mwekundu na kitako cha manjano, bila gesi, na mstari mwembamba mweusi pale vinapokutana. Shigella huonyesha rangi hizo hizo bila cheusi na bila gesi. Malizia kwa antisera. Typhi akikataa antisera ya O9 (ya ukuta wake) lakini akikubali ya Vi (ya ganda lake la nje), chemsha mchanganyiko wake, upoe, urudie O9: ganda la Vi lilikuwa limeificha.

Midia nyingine kwa ufupi

Agari ya manitoli na chumvi ina chumvi 7.5%, ambayo stafilokoki huivumilia. Staphylococcus aureus huizungushia manjano, lakini thibitisha kwa kipimo cha koagulesi, kimeng'enya chake cha kugandisha plazma. Kwa kisonono, Thayer-Martin ni agari ya chokoleti yenye vankomaisini, kolistini na nistatini. Iweke kwenye chombo cha mshumaa usio na manukato, na uongeze sahani ya chokoleti isiyo na dawa, kwa kuwa baadhi ya gonokoki huuawa na vankomaisini. Kwa kifua kikuu kuna Löwenstein-Jensen, ya mayai na malakaiti ya kijani, inayosomwa kila wiki hadi wiki 8. Usiioteshe kwenye maabara isiyo na chumba cha usalama kinachostahili. Tuma makohozi.

Kuhakiki kila pishi

Katika kila pishi, weka sahani chache tupu kwenye inkubeta usiku kucha. Zikiota, pishi lote linatupwa. Halafu panda aina zinazojulikana, zenye namba za hifadhi ya bakteria ya ATCC: Salmonella ATCC 14028 iote nyekundu-nyeusi kwenye XLD, E. coli ATCC 25922 iote waridi kwenye MacConkey na izuiwe kwenye TCBS, S. aureus ATCC 25923 isiote kwenye MacConkey. Andika matokeo kwenye rejista, hata yakiwa mabaya. Sahani isiyohakikiwa haina haki ya kutoa jibu hasi.

Usalama

Usinuse sahani, hata kama ulifundishwa na mtu unayemheshimu. Katika maeneo ya ng'ombe, Mbarara au Nakasongola, chupa ya damu iliyoota polepole inaweza kuwa na Brucella, naye huambukiza kwa njia ya hewa maabarani. Fungua ndani ya kabati la usalama au usifungue.

Na mgonjwa mwenye homa na kuhara damu, au kutoka damu sehemu nyingine, aliyegusana na mgonjwa au maiti yenye shaka: simama. Gulu mwaka 2000 na Mubende mwaka 2022 walikuwa na Ebola ya Sudan. Usioteshe chochote. Toa taarifa kwa timu ya wilaya, na sampuli ichukuliwe na waliofunzwa kwa ajili ya Taasisi ya Utafiti wa Virusi, Entebbe.

Meza ifutwe kwa klorini ya 0.5%: sehemu moja ya Jik (dawa ya klorini) ya 3.5% kwa sehemu sita za maji, iliyochanganywa siku hiyo. Sahani zilizotumika ziingie otoklevu kabla ya kwenda kwenye tanuri la taka.

Kutoa jibu na kutuma koloni

Mpigie daktari mara koloni lenye shaka linapoonekana, ukimwambia waziwazi kwamba ni la awali. Jibu la maandishi lenye jina la bakteria litoke baada ya antisera. Kila Vibrio cholerae, Salmonella Typhi na Shigella mtumie Maabara Kuu ya Afya ya Umma, Butabika, akathibitishwe. Usimtume akiwa juu ya TCBS au XLD, maana atafika amekufa au amechanganyika. Mhamishie kwenye mteremko wa agari ya kawaida ndani ya neli yenye kifuniko cha kukaza, mwache aote usiku mmoja, funga neli kwa utepe, iweke ndani ya vifungashio vitatu, na fomu ikae nje ya kifungashio cha pili ikiwa na namba ileile iliyo kwenye rejista yako.